Mpira wa Tedi na Talaka Yangu

Nimeachwa mara moja maishani mwangu, na aliyesababisha ni mchezaji mpira kutoka Australia. Simlaumu. Naona niieleze habari hii kama nilivyoiona, maana tuliokuwapo tumebaki wachache, na wanaoisimulia barazani siku hizi wameitia chumvi mpaka hailiki.

Aliyeniletea tanzia ni Kassim. Siku za vita Kassim alikuwa golikipa wa timu yetu ya Likoni, baadaye akawa baharia, na sasa ni mzee asiyesikia vizuri, azungumzaye kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya pili. Alikuja asubuhi akakaa ukumbini, nikamtilia chai ya tangawizi na kumwekea mahamri, akala mawili bila kusema neno. Nikajua ana jambo, kwa sababu Kassim hula huku anasema. "Shemeji," akaniambia hatimaye, "Tedi katangulia." Nikamuuliza Tedi yupi, ingawa nilijua vyema, Tedi tulikuwa naye mmoja tu. Kassim ana mjukuu afanyaye kazi huko Australia, na ndiye aliyepiga simu. Tedi amezikwa katika mji mdogo wa wafugaji kondoo alikozaliwa, na waliobeba jeneza lake ni watu aliowafundisha mpira walipokuwa watoto, sasa wenyewe wana mvi. Kisha mabega ya Kassim yakaanza kutikisika, nikaona anacheka, nami nikacheka huku machozi yananitoka.

Mwaka wenyewe ulikuwa wa vita, kwenye arobaini na kitu. Manowari zilijaa bandarini Kilindini hata maji hayaonekani, na wanamaji wakapiga kambi upande wetu wa Likoni, kati ya minazi yetu na mihogo yetu. Mchele ulikuwa adimu. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na minane, nimeolewa miezi michache tu nyuma na Hamadi, mwendesha winchi bandarini, nahodha wa timu, mtu mwenye maneno machache na kiburi kingi. Nyumba yetu ilikuwa na chumba kimoja, ukumbi, na ua wa makuti wenye jiko la mafiga. Nilipika, akala, hakusifu, hakulaumu. Wenzangu waliponiuliza mume yukoje, niliwajibu kwamba sahani anarudisha tupu, na hayo ndiyo niliyokuwa nayajua. Simchukii, simpendi, nilikuwa nikijisemea nikikuna nazi, na nilidhani ndoa ndivyo ilivyo.

Tedi alikuwa fundi wa injini katika meli moja ya kwao iliyoingia kutengenezwa, na kwa vile matengenezo yalichukua miezi, wakampa kazi ya kutazama maboti upande wetu. Hakuwa mrefu sana. Alikuwa mwekundu, masikio yamemchomoza, mikono mirefu kuliko haki yake. Jioni moja alipita karibu na kiwanja wakati wa mazoezi, mpira ukatoka nje ukamfuata yeye, naye badala ya kuupiga teke akaudaka kwa mikono miwili huku anakimbia, akaurudisha kwa teke kutoka mkononi, ukapita juu ya vichwa vyote hadi goli la pili. Kesho yake alikuja tena, safari hii amekunja suruali, miguu mitupu. Mtu fulani alikuwa amemfundisha kusema shikamoo bila kumfundisha huambiwa nani, basi alimwamkia kila mtu: wazee, wasichana, hata watoto wachanga migongoni mwa mama zao. Nyakati zile mzungu hakumwamkia mtu wa kwetu, na bibi zetu walikuwa wakitoka makusudi wakapitie njia ya kiwanjani, wapate tu kuitika, "Marahaba mwanangu," kisha wakacheke mbele kwa mbele.

Ikatokea Kassim akabanwa mkono na mzigo bandarini, vidole vikavimba kama ndizi. Timu ikawa haina golikipa, na mbele yetu tulikuwa na mchezo na watu wa Changamwe, wa kugombania dume la ng'ombe. Hamadi mwenyewe ndiye aliyemwomba Tedi asimame golini. Loo! Hakuna mpira uliompita. Alikuwa akiruka kana kwamba mchanga wa Likoni unamrusha, na anapoudaka mpira aukumbatia kifuani kwa upendo kabisa. Baada ya mazoezi alikuwa akija kwetu pamoja na Kassim, mkalimani wake, wakakaa barazani na Hamadi, nami nikapeleka chakula hadi mlangoni kisha nikarudi nyuma ya dirisha la chumbani, kusikiliza. Nilipika muhogo wa nazi kwa papa mkavu, na siku mchele ulipopatikana, wali. Tedi alikula kwa mkono, akiungua na kupuliza vidole. Yeye naye aliwahi kutuletea nyama ya kopo. Hamadi aliipokea kwa shukrani zote, na paka wa jirani akanawiri wiki ile.

Ni nyuma ya dirisha lile nilipoyajua maisha ya Tedi. Baba yake alikuwa mkata manyoya ya kondoo, akihama shamba hadi shamba, na Tedi alijifunza mpira kwa kupiga ngozi iliyoshindiliwa manyoya ndani. Alipokuwa kijana timu ya mji mkubwa ilimwona katika mashindano ya vijijini ikamchukua, akacheza misimu kadhaa mbele ya umati usiohesabika, kisha vita vikaja vikamkata katikati. Aliieleza michezo yao Hamadi asiamini. Uwanja wao ati ni wa mviringo, mkubwa kama shamba. Milingoti ni minne kila upande. Mpira una ncha mbili kama yai. Mtu huruhusiwa kuudaka, na akiudaka safi hewani wote husimama, akapewa nafasi apige kwa raha zake. "Na akikosa goli?" Hamadi akauliza. Kassim akatafsiri, Tedi akajibu kwamba akikosa kidogo tu, mpira ukapita kando ya milingoti ya katikati, hupewa pointi moja. "Kwa kukosa?" "Kwa kukosa." Hamadi akatafakari. "Mbona basi watu hao hawatutawali sisi wote," akasema, na Kassim akacheka hata nikaogopa ataangusha sahani.

Alichokisema mara nyingi zaidi ni kwamba hakutaka kitu duniani isipokuwa kurudi akaruke tena. Hakusema kwa majivuno. Alisema kama mtu anavyosema ana kiu. Mimi nilikuwa sijamsikia mtu mzima akitamani kitu waziwazi namna ile, maana kwetu anayetamani huficha, asije akachekwa. Nilijikuta namtazama mume wangu katika ule upenyo wa dirisha, jinsi alivyoinamia mbele kusikiliza, nikamwona ana uso mwingine nisioujua, uso wa mtu apendaye kitu. Nilimwonea Tedi wivu kidogo kwa kuwa ndiye aliyeutoa uso ule.

Basi jioni moja, zikibaki siku chache tu kabla ya mchezo na Changamwe, vijana wakamwambia Tedi, "Hebu tuonyeshe wa kwenu." Sisi wanawake tulikuwa tumesimama kando ya kiwanja, penye ua wa makuti. Kassim, mkono umefungwa kitambaa, akaupiga mpira juu kwa nguvu zake zote. Hamadi akawa chini yake, anautazama, anaungoja kwa kichwa. Tedi akaja mbio kutoka nyuma. Akaruka, akaweka goti katikati ya mabega ya Hamadi, akapanda juu yake kama mtu apandaye kiunzi, akaudaka mpira huko juu ambako hapakuwa na mkono wa mtu mwingine. Sitasema uongo: kilikuwa kitu kizuri. Mpaka leo nikifumba macho namwona amebaki pale hewani, kichwa amekirudisha nyuma. Halafu wote wawili wakaanguka, Tedi juu, anacheka kwa furaha, na Hamadi chini, uso umefukiwa mchangani.

Watu wakacheka. Hilo ndilo lililoharibu. Kwetu mtu hata miguu harukwi. Mtoto akirukwa aliyemruka huambiwa arudi alikopita, mtoto asije akadumaa. Na huyu hakurukwa, alipandwa, nahodha mzima, na mzungu, mbele ya mkewe. Hamadi aliinuka mchanga umemjaa kinywani. Tedi alimpa mkono, Hamadi hakuuona. Alitema, akapangusa midomo, akasema kwa sauti ambayo haikuwa kubwa, lakini kiwanja kizima kilinyamaza kuisikiliza: "Wallahi, nikicheza tena na mtu huyu, Mwanamisi ana talaka."

Mwanamisi ndiye mimi. Wanawake wote wakanigeukia kwa pamoja. Mpira haunijui, mimi siujui, na leo ndoa yangu imetundikwa juu yake! Nilifunga leso yangu, nikaenda nyumbani, nikapika kama kawaida, lakini chumvi sikutia, na Hamadi akala asiseme neno.

Kesho yake alimwita Maalim Athmani, aliyetufungisha ndoa. Nilisikia yote ukumbini. Hamadi aliuliza kama kuna kafara ya kukifuta kiapo. "Hakuna," Maalim akamwambia. "Kiapo umekifunga mwenyewe. Ukicheza naye, talaka moja ishaanguka pale pale. Yajuzu kumrejea kabla eda haijesha. Lakini mwanangu, mpira na ndoa wapi na wapi? Mwenzio amekukosea nini hata ukamwapia?" Vijana wa timu nao wakaja, mmoja baada ya mwingine, kumsihi. Bila Tedi hakuna golikipa, bila Hamadi hakuna timu, na watu wa Changamwe walishaanza kuuliza ng'ombe tutampeleka kwa njia gani. Wote walimwomba Hamadi. Hakuna aliyeniuliza mimi. Nilikuwa nikilala nikiwaza: nikiachika, nitarudi kwetu Mtongwe, nikae eda, kisha nani atamwoa msichana aliyeachwa kwa ajili ya mpira? Halafu wazo jingine likaja, na hili lilinitisha zaidi, kwamba huenda mlango umefunguka, na kwamba nikitaka naweza kutoka. Sikuwa nimewahi kuwaza kama nataka au sitaki.

Ijumaa baada ya sala Tedi alikuja na Kassim. Ilibidi Kassim amweleze kiapo ni nini, na uso wa yule mzungu, mwekundu siku zote, ulikuwa mweupe kama unga. Alikuwa ametafuta maneno njiani. Alisema, Kassim akitafsiri, kwamba kwao aliyepandwa haoni aibu. Huwezi kwenda juu peke yako. Lazima awepo mtu imara chini yako, na mtu dhaifu hakuna anayehangaika kumpanda. Yeye mwenyewe amepandwa tangu utotoni, na mgongo wake umejaa makovu ya viatu vya watu. "Nilikuchagua wewe kwa sababu wewe ndiye imara," alisema. Juzi, katika mahamri yale, Kassim alinisimulia kwamba miaka mingi baada ya vita meli yake ilitia nanga huko kwao, akamtafuta Tedi akampata. Alikuwa amerudi kwenye timu yake, amecheza misimu mizuri hadi goti likamtupa, na sasa alikuwa akitengeneza matrekta na kufundisha watoto. Alimpeleka Kassim kutazama mchezo. "Kila mtu aliporuka juu ya mgongo wa mwenziwe, watu wote waliinuka kwa shangwe, shemeji. Mimi nilikuwa namwangalia yule wa chini." Nikamuuliza, naye yule wa chini? "Ajipangusa mchanga, aendelea kucheza." Alikuwa amesema kweli, basi, Ijumaa ile. Lakini Hamadi hangeweza kujua.

Tedi akatoka hadi uani, akainama, mikono juu ya magoti, mgongo wazi. Hakuhitaji mkalimani. Hamadi alimtazama kwa muda. "Mwambie anyanyuke," akamwambia Kassim. "Mgeni hapandwi mgongoni nyumbani kwangu." Kassim akasema, "Basi mpande uwanjani." "Uwanjani siendi naye. Nimeapa." Wakakwama hapo, watu watatu wazima, kama kuku walioingia gunia.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nilisema kutoka nyuma ya pazia la mlango, wageni wakiwapo. "Kiapo kimefungwa shingoni mwangu, na sijasikia mtu akiniuliza. Basi nasema mwenyewe. Nenda ukacheze. Niachike." Ulimi ulikuwa umeshaanza safari. "Maalim amesema waweza kunirejea. Mimi nasema usinirejee mpaka uniulize. Sheria haikulazimishi, nakulazimisha mimi. Nikisema ndiyo, ni ndiyo. Nikisema siyo, nipeleke kwetu na sanduku langu." Nilimsikia Kassim akimtafsiria Tedi kwa kunong'ona, na Tedi akisema neno moja fupi la kwao. Nilingoja hasira za Hamadi. Badala yake nikamsikia akivuta pumzi. "Umesikia, Kassim?" akasema. "Kumbe ndani mwangu mna kadhi, nami sina habari." Ulikuwa mzaha wa kwanza niliousikia kutoka kinywani mwake tangu tuoane.

Siku ya mchezo watu walivuka kwa feri hadi ikaelemewa. Watu wa Changamwe walikuja na ngoma. Wakati Hamadi anakanyaga mstari kuingia uwanjani, nyuma ya Tedi, jirani yangu Bi Rehema, mwanamke mtu mzima aliyeachwa mara mbili na kujua mambo, alinivuta leso mbele. "Jifunike vizuri, mwanangu," akanong'ona. "Sasa hivi yule hana haki na nywele zako." Nikajifunika. Ni ajabu kumtazama mume wako akicheza na huku si mume wako. Nilimwona kama ninavyomwona mwanamume yeyote: anavyowaita wenzake kwa majina, anavyomwinua wa Changamwe aliyeanguka, anavyogeuka nyuma kila mara kuhakikisha golikipa wake yu salama, golikipa yule yule aliyemfukia mchangani. Na Tedi alidaka kila kitu. Watu wa Changamwe walifika mahali wakaanza kumpigia makofi wenyewe.

Tulikuwa sare, mchezo unakaribia kwisha, tukapata kona. Tedi akaliacha goli lake wazi, akaja mbio mpaka mbele, watu wakimpigia kelele arudi. Kando ya uwanja walisimama wanamaji wawili wenzake, wazungu, waliokuja kumtazama. Tedi aliwaona. Alikuwa akiwatazama hasa alipoinama, mikono juu ya magoti, mbele ya umati wa Likoni na Changamwe, akamwita Hamadi. Mmoja wa wale wawili alipiga mluzi, akasema neno ambalo Kassim alikataa kunitafsiria hata juzi. Tedi hakunyanyuka. Kwa jambo hilo wakubwa wake walimwondoa upande wetu, wakamkataza kuvuka tena, na meli yake ilipoondoka hakuna aliyepata kumuaga. Nadhani alijua hayo pale alipokuwa ameinama. Nimekutana na watu wengi wakubwa katika umri wangu, wenye vyeo na vilemba, na sijaona hata mmoja aliyekuwa mkubwa kama yule mtu alivyokuwa mgongo ukiwa chini.

Mpira ukaja. Hamadi akakimbia, akaweka mguu mmoja juu ya mgongo ule, akaenda juu. Sikujua kwamba anaweza kwenda juu hivyo. Aliupiga kwa kichwa kutoka juu ya vichwa vyote, ukaingia golini, na Likoni nzima ikapasuka kwa kelele. Refa, karani mmoja wa Kigoa wa bandarini, alikuwa akipuliza filimbi mpaka mashavu yakamtuna: goli hakuna, mtu hapandi mtu katika mpira huu! Vijana walimzunguka. Walibishana mpaka jua likaelekea kuzama, goli likakataliwa, mchezo ukaisha sare, na wazee wa pande zote mbili wakaamua ng'ombe achinjwe aliwe na wote. Hamadi hakwenda kubishana. Alikuwa amepiga magoti, anampangusa Tedi mchanga mgongoni kwa kiganja, polepole, kama mtu apangusaye mkeka kabla ya sala.

Kisha akainuka akaja moja kwa moja penye ua wa makuti. Wanawake wakampisha njia. Maalim Athmani na Kassim walimfuata nyuma, wawe mashahidi. Alikuwa ametapakaa jasho na mchanga, pumzi zinampanda, na ule uso, uso wa barazani, ulikuwa mbele yangu bila dirisha katikati. Nikajua kwamba kama angeniambia tu nimekurejea, sheria ingekuwa yake, na mimi ningekwenda nyumbani kumpikia mpaka kufa, na nisingempenda hata siku moja.

"Mwanamisi," akasema.

"Abee."

"Nakuuliza. Nikurejee?"

Bi Rehema alinifinya mkono. Nilimtazama kuanzia nywele mpaka vidole vya miguu, sikuharakisha, nikamwacha angoje.

"Kaoge kwanza," nikamwambia, "maji nimeshakuwekea."